Kuandika riwaya ya mapenzi ya vijana yenye Watu Wema na muziki: mwongozo kamili

Mswada wangu wa kwanza wa aina hii ulikuwa na malkia mwenye mbawa, kijana mzuri kupita kiasi, na msichana wa miaka 17 mwenye sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Niliupenda mno. Nikampa rafiki yangu mmoja, msomaji mkali asiye na maneno mengi. Aliurudisha baada ya wiki moja akaniuliza: "Huo muziki ukiuondoa, hadithi inabadilika nini?" Nikafikiri usiku kucha. Haibadiliki kitu. Msichana angeweza kuwa mpishi au fundi cherehani, na malkia angemtamani vilevile.

Mwongozo huu unatokana na swali lile. Ukitaka kuandika mapenzi ya kijana wa kawaida na viumbe wa chini ya kilima, wale ambao Waayalandi huwaita Watu Wema, muziki ukiwemo, basi muziki uwe ndio unaofungua mlango, unaodai malipo na unaoamua nani arudi nyumbani. Ukibaki pambo, heri uutoe.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, ninaoutunga hapa hapa: Aoife, msichana wa leo wa Leitrim huko Ayalandi, mpiga fidla, na Cathal, kijana mpiga kinubi aliyepotea mwaka 1792. Majina hayo yanasomeka Ifa na Kahal. Kisomeshe kinywa chako mapema, maana Kigaeli, lugha ya asili ya Ayalandi, hakiandikwi kinavyosomwa kama Kiswahili, na msomaji wako atajikwaa ukurasa wa kwanza usipomsaidia.

Hatua ya 1: Rudi kwenye chimbuko, achana na mbawa

Vile viumbe vidogo vyenye mbawa za kipepeo ni kazi ya wachoraji, hasa wa Uingereza, kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 na katika karne yote ya 19. Wa zamani hawakuwa hivyo. Ayalandi wanaitwa Aos Sí, watu wa vilima, na neno sí, linalosomeka "shii", ndilo kilima chenyewe. Wana kimo cha binadamu, wanapanda farasi, wana wafalme, wana ngoma, na wanakasirika. Huko Uskoti, kasisi Robert Kirk wa Aberfoyle aliandika habari zao mwaka 1691 na 1692 kwa utulivu wa mtu anayeeleza majirani wa ng'ambo ya mto. Imani hiyo haijafa yote. Mwaka 1999 msimulizi Eddie Lenihan alipinga kukatwa kwa mti mmoja wa miiba pale Latoon, Clare, huko Ayalandi, kwa sababu ni mti wao. Barabara kuu ikajengwa na mti ukaachwa.

Soma visa vitatu kabla hujaandika neno. Viwili vimo katika mkusanyiko wa nyimbo simulizi 305 alizochapisha Francis James Child kati ya 1882 na 1898. Ni vya zamani, havina haki za mtu, na vinapatikana bure mtandaoni.

Wimbo namba 39 ni Tam Lin. Janet anakwenda msitu wa Carterhaugh, karibu na Selkirk, anachuma waridi, kijana anatokea na kumuuliza kwa ruhusa ya nani. Kijana si jini wala mzimu. Ni binadamu aliyeanguka kutoka farasini akanyakuliwa na malkia. Kila miaka saba watu wale hulipa zaka kwa jehanamu, na safari hii anahofu ni zamu yake. Anamwambia Janet la kufanya usiku wa Halloween, mstari kwa mstari. Usisahau maelekezo hayo, tutayarudia.

Wimbo namba 37 ni Thomas, mtunzi wa mashairi aliyekutana na malkia chini ya mti wa Eildon. Njuga za fedha zililia kwenye manyoya ya shingo ya farasi wa malkia. Alichukuliwa miaka saba, kwa sharti la kutotamka neno akiwa huko. Aliporudi alikuwa na ulimi usioweza kusema uongo. Hebu fikiria mchumba wa namna hiyo!

Cha tatu ni cha Ayalandi na ni kikongwe zaidi: kinubi cha Dagda, mungu wa hekaya za kale. Kilimjia mwenyewe kutoka ukutani, naye akapiga aina tatu za muziki. Goltraí iliwaliza adui. Geantraí iliwachekesha. Suantraí iliwalaza usingizi, Dagda na wenzake wakaondoka salama. Ukiwa na aina hizo tatu, tayari unayo mifupa ya riwaya nzima. Mimi huzipanga hivi: kicheko kwanza, vijana wanapokutana; usingizi katikati, anapozama chini ya kilima na kuanza kusahau kwao; kilio mwishoni.

Hatua ya 2: Waite nani?

Hapa waandishi wengi wa Kiswahili huteleza, na ninawaelewa. Neno la haraka ni jini. Tatizo la jini ni kwamba anakuja na mizigo yake: ameumbwa kwa moto, ana dini, anapanda kichwani, anapungwa kwa ngoma. Na ukiandika mapenzi, msomaji wa Tanga au Mombasa ataruka moja kwa moja kwa jini mahaba, yule mwenye wivu anayekuharibia ndoa na kukujia ndotoni. Tofauti ni kubwa: jini mahaba huja kwako, lakini watu wa kilima hukuchukua uende kwao. Riwaya ya kwanza ni ya kitanda na mganga. Ya pili ni ya safari na mlango.

Kamusi inakupa kichimbakazi, neno zuri lililokaribia kufa, na kibwengo wa baharini. Kichimbakazi lingefaa kwa hadithi ya watoto. Kwa vijana, mimi huchagua kutafsiri jina la heshima ambalo Waayalandi wenyewe hulitumia kwa woga: Daoine Maithe, Watu Wema. Hawaitwi hivyo kwa sababu ya wema wao. Wanaitwa hivyo ili wasisikie wakasirike. Msomaji wetu ataelewa bila maelezo. Bibi yangu hakuruhusu nyoka atajwe usiku, tulisema kamba. Ukimwandikia msomaji kama huyo "wamepita Watu Wema", atakunja miguu yake kitandani.

Hatua ya 3: Chagua ala moja, uijue mwili wake

Kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii.

"Alipiga muziki mtamu" haimwambii msomaji kitu. Chagua ala, kisha ujue imetengenezwa kwa nini, inashikwaje, inaumiza wapi, inaharibika vipi. Nitakuonyesha faida yake kwa mfano wetu.

Kinubi cha zamani cha Ayalandi kilifungwa nyuzi za shaba na kupigwa kwa kucha. Mpigaji alizifuga kucha zake kama fundi anavyotunza patasi. Julai 1792 wapiga vinubi kumi wa Ayalandi walikusanyika Belfast kwa sababu watu waliona sanaa hiyo inakufa. Kijana wa miaka 19, Edward Bunting, aliajiriwa aandike walichopiga. Mzee Denis Hempson, aliyekuwa amepita miaka 90, ndiye pekee aliyebaki akipiga kwa kucha kwa mtindo wa kale. Hayo ni ya kweli. Sasa ongeza uongo mmoja tu: kulikuwa na wa kumi na moja. Cathal, miaka 18, alitoka Leitrim kwa miguu kwenda Belfast, giza likamkuta, akalala juu ya kilima. Hakufika. Hakuna aliyemkosa, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anakuja.

Na kilima hakihitaji kubuniwa. Leitrim kuna Sí Bheag na Sí Mhór, Kilima Kidogo na Kilima Kikubwa cha Watu Wema. Turlough O'Carolan, aliyepofushwa na ndui akiwa na miaka 18 kisha akawa mpiga kinubi mashuhuri kuliko wote, inasimuliwa kuwa mahadhi yake ya kwanza yalihusu vita vya vilima hivyo viwili.

Njoo kwa Aoife. Yeye anapiga fidla, ile ile inayolia kwenye taarabu ya Unguja, nyuzi nne na upinde. Zamani nyuzi za fidla zilikuwa za utumbo wa kondoo. Siku hizi uzi mwembamba kuliko yote, ule wa sauti ya juu, kwa kawaida ni chuma cha pua. Tulia hapo. Watu Wema hawavumilii chuma. Ndiyo maana watu walitundika kiatu cha farasi mlangoni. Shaba haiwadhuru, kwa hiyo Cathal angeweza kuwapigia miaka mia mbili wakacheza na kufurahi. Lakini msichana mwenye uzi wa chuma akiingia barazani kwao na kuugusa uzi huo, wote watashika masikio.

Sikuubuni uwezo wa kichawi. Niliuliza tu uzi umetengenezwa kwa nini. Kuna kisa kinachotuunga mkono pia: kila Samhain, yaani usiku wa Halloween, Aillén, mmoja wa watu wa vilima, alikuja Tara, makao ya wafalme wa Ayalandi, akapiga muziki wa kulaza watu wote, kisha akaichoma ngome. Shujaa Fionn alibaki macho kwa kuegemeza ncha ya mkuki kwenye paji la uso wake.

Huwezi kwenda Leitrim? Nenda kwenye mazoezi ya taarabu. Pale Unguja chuo cha muziki cha DCMA kinafundisha fidla, udi na kanuni, na mpiga kanuni atakuonyesha vidole vinavyochuma nyuzi nyingi kwa wakati mmoja, jambo lililo karibu na kinubi kuliko gitaa. Kaa karibu. Tazama ile gundi kavu ya utomvu wanayosugua kwenye upinde, na vumbi lake jeupe linavyoanguka. Tazama alama chini ya taya la kushoto la mpiga fidla. Muulize uzi ukikatika katikati ya wimbo anafanya nini. Jibu lake ni sura nzima ya kitabu.

Hatua ya 4: Andika sheria na bei kwenye karatasi moja

Watu Wema ni watu wa mkataba. Hawasemi uongo mara nyingi, wanasema ukweli uliokatwa vibaya. Andika sheria zako, zisizidi tano, na uzibandike ukutani. Zangu ni hizi: ukila chakula chao, hutarudi tena. Ukiwashukuru, umekiri deni. Mwaka wa huko hauhesabiki kama mwaka wa huku. Chuma huwaumiza.

Ya tano ndiyo bei ya muziki: mahadhi yoyote yakipigwa chini ya kilima, hufutika juu. Hakuna anayeyakumbuka tena, hata aliyeyatunga. Kwa sheria hii, nyimbo ambazo Bunting hakuwahi kuziandika zimepata pa kwenda. Na Aoife ana wimbo mmoja tu wa thamani, ule aliofundishwa na bibi yake jikoni, ambao bibi sasa, akiwa amepoteza kumbukumbu nyingi, bado anauvumisha kwa midomo iliyofumba akiosha vikombe. Msomaji akisoma sheria ya tano sura ya nane, akimkumbuka bibi wa sura ya kwanza, moyo utamwenda mbio kabla hujamwambia lolote.

Usiivunje sheria yako hata mara moja. Kijana wa miaka 15 anasamehe tahajia mbovu, kudanganywa hasamehe.

Hatua ya 5: Wapenzi wenyewe, umri na hiari

Tuzungumze waziwazi. Kiumbe wa miaka 300 anayemtongoza msichana wa 17 ni mzee anayemtongoza mtoto, hata akiwa na mashavu laini. Wasomaji vijana wanaliona hilo, na mama atakayekinunua kitabu ataliona zaidi. Tam Lin anatupa njia safi: mpenzi awe binadamu aliyenyakuliwa. Kwa hesabu yake, Cathal alilala jana. Bado ana miaka 18, bado ana haraka ya kufika Belfast, bado ananuka moshi wa mboji, ule udongo wa kinamasi uliokaushwa waliokuwa wakiuchoma majumbani.

La pili ni hiari. Muziki wa kilima hulewesha. Msichana akipenda akiwa amelewa muziki, hujaandika mapenzi, umeandika kutegwa. Kwa hiyo jiwekee mwiko: neno la mapenzi na busu la kwanza vitokee muziki ukiwa umenyamaza. Aoife anaweka kiganja juu ya nyuzi za kinubi, zinakufa, na katika ukimya ule anamuuliza, "Sasa je? Bado unanitazama hivyo?" Katika riwaya iliyojaa sauti, ukimya ndio utakaokumbukwa.

Wape ugomvi wa kweli pia. Cathal anaiona fidla kuwa ala ya walevi wa sokoni. Aoife anamwona mwenye majivuno. Wabishane kuhusu muziki kabla hawajashikana mikono.

Hatua ya 6: Kuusikizisha muziki kwa maneno

Futa haya kwanza: tamu, nyororo, ya kupendeza, ya kimalaika. Kisha andika kutoka pande mbili. Upande wa mpigaji ni mwili: kidole kilichoota sugu, bega linalowaka, pumzi iliyobanwa. Upande wa msikilizaji ni kile alichoacha kufanya. Linganisha:

"Cathal alipiga muziki mzuri sana uliomgusa Aoife moyoni."

"Cathal alipiga. Aoife alikuwa akifunga kamba za kiatu. Wimbo ulipokwisha aligundua bado ameishika ncha moja."

Sikusema wimbo ulikuwa mzuri. Kamba imesema.

Jifunze pia umbo la muziki wao ulitumie kwenye sentensi. Jigi na rili ni mahadhi ya ngoma zao. Jigi huhesabiwa moja-mbili-tatu, nne-tano-sita, inarukaruka. Rili hukimbia kwa nne bila kupumua. Mahadhi mengi ya ngoma yana sehemu mbili. Ya kwanza hurudiwa, kisha ya pili hurudiwa, halafu yote huanza upya hadi wachezaji wachoke. Niliwahi kuandika sura ya ngoma kwa umbo hilo: aya mbili zinazofanana karibu neno kwa neno, mbili nyingine vivyo hivyo, kisha duara jipya likiwa na badiliko dogo, mtu mmoja hayupo tena kwenye mduara. Msomaji anazunguka naye. Ifanye mara moja tu katika kitabu.

Watu Wema wakiimba, usitafsiri mashairi ya Kiingereza. Una utenzi. Beti za nyimbo kama Tam Lin zina mistari minne mifupi, na utenzi una vipande vinne vya mizani nane. Ni ndugu kwa umbo. Wape Watu Wema mizani isiyoyumba, maana wao hawakosei hesabu:

*Njoo nami chini huko*
*palipo nuru ya mwako*
*mwaka ni siku ya kwako*
*na jina utaliacha.*

Vipande vitatu vinabembeleza, cha nne kinatoza. Binadamu wakiimba, waache wakosee mizani mahali fulani. Msomaji hatajua kwa nini anawapenda zaidi.

Hatua ya 7: Usiku wa kushika

Kilele chako tayari kimetungwa na Waskoti. Janet anajificha njiani usiku wa manane. Anawaacha farasi mweusi na wa kahawia wapite, anamvuta chini mpanda farasi mweupe. Watu Wema wanamgeuza Tam Lin mikononi mwake: nyoka, dubu, simba, chuma chekundu cha moto. Yeye hamwachi. Mwishowe ni kaa la moto, analitupa kisimani, anatoka mwanamume uchi, naye anamfunika kwa joho lake la kijani.

Usikinakili. Jiulize kushika kunakuwaje katika kitabu cha muziki. Kwangu, Aoife anashika wimbo. Anaanza kupiga mahadhi ya bibi yake, na baraza zima linapiga dhidi yake ili limtoe kwenye mstari: linaigeuza jigi kuwa rili, linapandisha sauti, linamletea kilio cha mama, linamletea usingizi. Akikosea noti moja, Cathal anabaki. Na kwa kila duara analomaliza, mahadhi yanafutika juu, nyumbani. Anajua. Anapiga.

Fanya ukatili mmoja zaidi: uzi wa chuma ukatike kwenye duara la mwisho. Amalize kwa nyuzi tatu, bila silaha.

Mambo mawili yaandaliwe mapema. Maelekezo ayatoe Cathal mwenyewe sura nyingi kabla, ili msomaji ahesabu pamoja na Aoife. Na joho liwepo. Katika mfano wangu ni sweta ya kijani ya bibi ambayo Aoife amekuwa akiionea aibu tangu ukurasa wa pili.

Kuna suala la miaka. Oisín, shujaa wa hekaya za Ayalandi, alirudi kutoka nchi ya ujana baada ya miaka 300, akagusa ardhi, akazeeka papo hapo. Usijifanye hulijui. Mimi namrudisha Cathal akiwa na miaka 18, lakini vidole vyake havijui tena kinubi. Kilichomweka hai miaka yote ile kilikuwa muziki, na deni limelipwa kwa hicho. Sura ya mwisho, bibi anaosha vikombe kimya. Aoife amesimama mlangoni, anasubiri mvumo usiokuja.

Hatua ya 8: Kazi yenyewe

Lenga maneno 60,000. Ukiandika 500 kwa siku, hata kwenye simu ndani ya daladala, ni siku 120. Usirekebishe kabla hujafika usiku wa kushika. Ukimaliza, weka mswada kando wiki tatu.

Kisha tafuta wasomaji wawili. Mmoja awe mpigaji wa ala, akusahihishe vidole na nyuzi. Nilipomwonyesha mpiga fidla sura yangu ya kwanza, alicheka kwa sababu Aoife alikuwa ameshika upinde kwa mkono wa kushoto kurasa 40 nzima. Wa pili awe wa miaka 14 hadi 17, asiwe ndugu yako. Usimpe karatasi. Msomee wewe kwa sauti, sura moja kila jioni, na kalamu mkononi. Kila atakapotupia jicho simu yake, weka alama pembeni, usiseme kitu, endelea kusoma. Kesho yake asubuhi anza na alama hizo.